Gari ikivuta ukikanyaga breki, tafuta gurudumu lililo baridi

Mwalimu mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum. Shikamoo Ami fundi. Marehemu baba ameniachia Morris Minor 1000 ya mwaka 1965. Ilikaa bandani miaka sita. Mwezi uliopita fundi wa hapa kwetu ameibadilishia lainingi za breki za mbele na kutoa upepo. Inawaka, inakwenda vizuri, lakini nikikanyaga breki inavuta kushoto kwa ghafla. Juzi kwenye mteremko wa kuingia Mkoani nusura niingie mtaroni. Nimeifanyia alaimenti mara mbili, fedha zimekwenda na inavuta vile vile. Ndugu zangu wanasema niiuze. Mimi sitaki. Shida iko wapi?"

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Marahaba, na pole kwa mtihani wa Mkoani.

Kabla ya yote, iweke hiyo gari. Usiende nayo skuli, usimpakie mtoto, wala usiiteremshe tena kilima chochote mpaka kazi imalizike. Morris yako ina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: masta silinda moja, yaani ile pampu inayosukumwa na pedeli, na bomba moja linalogawanyika. Gari za siku hizi zimegawiwa mafungu mawili, likifa moja jengine linakusimamisha. Kwenye Morris mafuta yakivuja gurudumu moja, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna breki popote. Gari iliyolala miaka sita katika hewa ya chumvi siiamini mpaka nimeifungua kwa mikono yangu.

Sasa hiyo alaimenti. Waliokutoza pengine walifanya kazi yao sawasawa, ila kazi yenyewe haikuwa dawa ya ugonjwa wako. Alaimenti ni mwelekeo wa magurudumu, na mwelekeo ukiwa mbovu gari inakusumbua njia nzima, umekanyaga breki hujakanyaga. Unakumbuka inavyokwenda mguu ukiwa mbali na breki? Kama kwenye njia ya bapa ukilegeza mikono inanyooka, magurudumu hayana kosa. Ikielea kushoto kidogo tu, pia usijali: barabara zetu zina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremkie pembeni, na sisi tunapita kushoto. Ugonjwa unaokuja na pedeli na kuondoka na pedeli umo ndani ya breki.

Ili unielewe huko mbele, nikueleze kidogo breki hizi zinavyofanya kazi. Gari yako ni ya baada ya 1962, ilipoingia injini ya cc 1098, na kwa hivyo dramu za mbele, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka pamoja na magurudumu, ni za inchi 8. Za kabla yake zilikuwa inchi 7, na za nyuma zimebakia inchi 7 hata kwako. Likumbuke hili siku ya kununua shuu. Kila gurudumu la mbele lina shuu mbili, yale mabati yaliyopinda yanayobandikwa lainingi ya kusugua dramu, na kila shuu ina silinda yake. Ukikanyaga, silinda inasukuma ncha ya shuu igusane na dramu. Dramu inazunguka, inaidaka ile ncha na kuiburura izidi kujibana, kama kabari iliyokwisha kushika kwenye gogo. Ndiyo maana gari yote ile inasimama kwa nguvu za mguu wako tu, bila ya chombo cha kusaidia pedeli. Lakini kujibana huko kunaikuza kila tofauti. Upande mmoja ukizidiwa kidogo tu, kwenye usukani utaisikia tofauti kubwa, kubwa kuliko ambavyo ungeisikia kwenye gari ya breki za diski.

Gari ikivuta kushoto, maana yake kushoto kunashika kuliko kulia. Hilo tu ndilo unalojua. Bado hujajua nani mkosa. Watu wengi hukimbilia kufungua kushoto, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa mwanagenzi kwenye gereji moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, ililetwa Morris yenye ugonjwa wako hasa. Nikafungua gurudumu la kushoto, nikaliona jeusi kwa vumbi la lainingi, nikasema huyu ndiye mkorofi. Nikapiga msasa lainingi, nikalegeza ajasta, kile kidude cha kusogezea shuu karibu na dramu, ili lisishike sana. Kweli gari ikaacha kuvuta. Fundi mkubwa akaijaribu mara moja, akarudi, akanishika mkono na kuusogeza karibu na dramu ya kulia. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Pistoni ya kulia, ile inayotoka ndani ya silinda kusukuma shuu, ilikuwa imeganda kwa kutu, na mimi nilikuwa nimeuondoa upande mmoja uliokuwa mzima. Mwenye gari angeondoka na breki isiyoshika kokote, tena akinishukuru. Jambo lile limenikaa mpaka leo. Kwa miaka yote ya kazi yangu, aghlabu gurudumu linalovuta linatimiza wajibu wake, na mgonjwa ni mwenzake aliyelala.

Kwa hivyo mtafute aliyelala. Namna ya kwanza haihitaji hata kuwasha gari. Inyanyue mbele kwa jeki, uiweke juu ya stendi za chuma. Usitumie tofali wala jiwe la matumbawe. Mawe yetu haya yanapasuka bila ya taarifa, na wewe uko chini. Magurudumu ya nyuma yazuie kwa magogo. Msaidizi akae ndani akanyage breki kidogo kidogo, huku wewe unazungusha gurudumu la kulia kwa mkono, kisha la kushoto. Litakalokamata mwisho, au litakalogeuka wakati mwenzake ameshafungika, ndilo unalolitafuta. Namna ya pili ni ya uwanjani, mahali pasipo na watu: mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kanyaga na kusimama mara 10 hivi, halafu nyunyizia matone ya maji kwenye kila dramu kupitia matundu ya gurudumu. Usiguse kwa mkono, utaungua. La moto litakausha maji upesi. La baridi maji yatakaa yakitiririka.

Kwako wewe kitu cha kwanza ninachokishuku ni ajasta, kwa sababu lainingi zimebadilishwa majuzi. Livue gurudumu. Kwenye uso wa dramu utaona tundu moja la duara. Izungushe dramu polepole huku unamulika kwa taa ya simu, mpaka tundu lije juu ya kichwa cha chuma chenye mwanya wa bisibisi. Hiyo ni ajasta ya kwanza. Mafundi wengi huishia hapo, maana nyuma kila gurudumu lina ajasta moja tu na mkono umeshazoea. Endelea kuzungusha, nusu mzunguko hivi, na ajasta ya pili itatokea kwenye tundu lile lile. Ikikazwa moja na nyengine ikasahauliwa, gurudumu lina shuu mbili lakini linafanya kazi na moja. Na kama upande wa pili zimekazwa zote, gari itageukia huko kama ng'ombe aliyefungwa kamba upande mmoja.

Kaza ajasta ya kwanza mpaka dramu isizunguke kabisa. Msaidizi akanyage breki kwa nguvu na kuachia, mara mbili tatu. Usiliruke hili, kwa sababu shuu hazikufungwa kwa skrubu. Zinaelea kidogo na hujitafutia katikati ya dramu zinapobanwa. Jaribu tena kuzungusha. Ikiwa dramu imelegea, kaza tena, kanyaga tena. Halafu rudisha nyuma pole pole, mlio mmoja au miwili, mpaka dramu iwe huru. Mkwaruzo mwembamba sehemu moja hauna neno, ila mkono usihisi uzito. Nenda kwenye ajasta ya pili ufanye hivyo hivyo, kisha upande mwengine. Wapo waliomaliza kesi yao hapa, kwa bisibisi moja na nusu saa.

Kama bado, dramu ifunguliwe. Inashikwa na skrubu mbili zilizozama usoni. Legeza ajasta kwanza, kisha gonga ukingo kwa nyundo ya mbao, huku na huku. Na hapa nakuomba unisikilize kama mtoto anavyomsikiliza mzazi wake: usipulize vumbi la ndani, si kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na huua mtu baada ya miaka mingi. Uingereza yenyewe ilikotoka gari hii imeipiga marufuku mwaka 1999. Za mbele ni mpya, lakini za nyuma huenda ndizo zile alizozitia baba yako, Mungu amrehemu. Rowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa chenye majimaji, kitie kwenye mfuko uufunge.

Ndani, nyanyua pole pole kifuniko cha mpira cha kila silinda. Pakiwa pakavu na safi, vyema. Ukikuta majimaji, au uji wa rangi ya kahawia na ukoko mweupe, umempata mgonjwa. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na hewa ya visiwani haina uchache wa maji. Maji hayo hukaa ndani ya silinda na kula chuma hadi pistoni inaganda. Tena yanaharibu kitu chengine ambacho mtu wa milimani kama wewe lazima akijue. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa yasichemke mpaka nyuzi 230. Yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango kinashuka hadi 155. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye bomba, na pedeli inakuwa laini kama maandazi wakati unaihitaji kuliko wakati wowote. Yabadilishe yote, kwa kopo jipya lililofungwa. Kopo lililofunguliwa mwaka jana likabaki kwenye shubaka, liache huko huko. Na mtu asikwambie kwamba oili ya injini au ya gia inafaa kuongezea. Mipira ya silinda inavimba ikikutana na oili, na utalazimika kubadilisha kila mpira uliomo, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho.

Silinda ikiwa na mashimo ya kutu ndani, usihangaike kuipiga msasa. Nunua mpya, kulia na kushoto kwa pamoja. Vipuri vya Morris Minor bado vinatengenezwa Uingereza, na uagizaji wake si mgumu kama watu wanavyodhani.

Kuna mkosa mmoja anayejificha vizuri, nao ni bomba la mpira linalotoka kwenye bodi kwenda gurudumuni. Kwa nje litaonekana zima. Ndani limevimba, njia imekuwa nyembamba kama uzi. Ukikanyaga, mafuta yanachelewa kufika, kwa hivyo gari inavuta upande wa pili. Ukiachia, yanachelewa kurudi, na gurudumu lile linabaki limeshika. Dereva anachanganyikiwa, maana mara inavuta huku, mara kule. Kulijua ni rahisi: gari ikiwa juu ya stendi, kanyaga, achia, zungusha. Gurudumu likibaki limefungika, legeza nipo, yaani kile kichuchu cha kutolea upepo ulionaswa kwenye mafuta. Likifunguka palepale na mafuta yakaruka, mafuta yalikuwa yamefungiwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni bomba. Lisipofunguka, kilichokwama ni pistoni au shuu yenyewe. Kwa gari ya umri wa yako mimi nisingepima hata kupima. Mabomba ya mpira yapo matatu, mawili mbele na moja nyuma. Badilisha yote.

Sasa tuje kwenye ukaaji wa shuu, ambako kazi ya kubadilisha lainingi huharibika bila ya mtu kuona. Piga picha ya breki ya kulia na ya kushoto kwa simu, uziweke pamoja. Zinatakiwa zifanane kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Lainingi haikubandikwa katikati ya bati la shuu, ncha moja imeachwa wazi zaidi ya nyengine, na shuu ikigeuzwa itaingia tu, ila haitashika inavyotakiwa. Springi pia zina matundu yake. Ikitiwa tundu la jirani inaivuta shuu ikae upande. Na ile sahani ya chuma ambayo vyote hivi vimefungwa juu yake, ikiwa gari ilishawahi kufunguliwa na ya kulia ikatiwa kushoto, kabari zinageuka: dramu badala ya kuiburura shuu izidi kujibana inaisukuma iachie. Zikibadilishwa zote mbili gari haitavuta, lakini ukienda mbele hutakuwa na breki ya maana, na ukirudi nyuma itasimama ajabu. Jaribu hilo pia.

Halafu chukua chaki, wewe hukosi chaki. Paka lainingi yote mpaka iwe nyeupe. Rudisha dramu, msaidizi akanyage kwa wepesi sana, izungushe kidogo, ivue tena. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Ikifutika karibu kote, mshukuru fundi wako. Ikifutika katikati tu, dramu imetanuka kuliko duara la lainingi, na breki itakuwa dhaifu mpaka zizoeane. Ikifutika kwenye ncha mbili na katikati ikabaki nyeupe, hiyo ni mbaya zaidi, kwani ncha ndiyo kabari, na gurudumu litakuwa linashika kwa ghafla na kupiga kelele. Wewe umesema "kwa ghafla", na neno hilo sijalipuuza. Kama uwanjani magurudumu yote mawili yalipata moto, anza kutazama ncha hizi upande wa kushoto. Dawa yake ni kuipunguza lainingi kwa msasa mgumu uliokunjwa ndani ya dramu ile ile, ukiisugua shuu humo mpaka duara likubaliane. Lainingi mpya isiyo na asbestosi tu, na ufunge pua na mdomo. Ukikuta chaki imefutika ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, shuu imelala; tazama vile vituo kwenye sahani inapoegemea, mara nyingi vimelika na kuacha mtaro.

Dramu nazo ziangaliwe. Gari ikikaa miaka sita bila ya kusogea, kutu hula duara lote isipokuwa pale shuu ziliposhikamana, na dramu haibaki duara tena. Mguu utaujua, pedeli inapiga kama mshipa. Mpe fundi wa mashine ya kukereza, kulia na kushoto kwa pamoja, azitoe kwa kipimo kimoja. Akisema chuma kimebaki chembamba, muamini, usimshawishi akereze.

Lainingi iliyolowa grisi au mafuta ya breki, itupe. Kuna wanaoiosha kwa petroli na kuichoma moto. Inakauka juu, ikipata joto mafuta yanarudi. Na usibadilishe upande mmoja.

Mwisho wa kufungua, shika ule ufito unaotoka kwenye mkono wa chini wa gurudumu kwenda kwenye bodi, uutikise, na utazame bushi zake za mpira. Zikiwa zimeoza, kila ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na kugeuka, na gari inavuta ingawa breki ni nzima. Hapo hapo tia grisi kwenye nipo za juu na za chini za egemeo la gurudumu, pale linapogeukia ukikata usukani. Zile nyuzi za egemeo la chini zikikauka zinakatika, na gurudumu linalala chini ya gari. Nimeshaziona Morris zilizolala hivyo katikati ya njia. Grisi ya kulizuia hilo haifiki bei ya chungwa.

Ukimaliza, toa upepo upya. Anza na gurudumu la nyuma kushoto kwa sababu liko mbali kabisa na masta silinda, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Mdomo wa kujazia uko chini ya zulia upande wa dereva, chini ya kifuniko. Usafishe pembeni kwanza, mchanga usiingie, na usiache mafuta yaishe katikati ya kazi.

Ijaribu asubuhi mapema kwenye njia tupu na iliyo kavu, upepo wa matairi ukiwa sawa kulia na kushoto. Kilomita 20, kisha 40, mikono imeshika usukani bila ya kuubana. Baada ya kilomita 200 au 300 rudi kwenye ajasta, lainingi mpya huwa imejikalia na nafasi imeongezeka. Yale mabati ya shuu za zamani usimpe mtu wa vyuma chakavu, yanabandikwa lainingi nyengine. Na uniandikie gurudumu gani lilikuwa baridi.